Jinsi ya Kutengeneza Spika za Sebuleni Zenye Sauti Safi Ukiwa Dodoma, Kuanzia Ubao mpaka Kutyuni

Ukizunguka hapa mjini kuanzia Majengo mpaka Sabasaba maboksi ya spika yapo mengi tu, na mafundi wetu wa mbao wana mkono mzuri kweli. Tatizo ni kwamba mengi yanatengenezwa kwa kukopi sura, mteja anasema nataka kama lile la fulani, fundi anapima kwa nje, anakata, anatoboa, halafu wanaweka wufa (spika kubwa ya besi) yoyote iliyopatikana dukani. Linapiga kwa nguvu sawa, ila mtangazaji akisoma habari unamsikia kama kaingia ndani ya pipa, na besi ni mlio mmoja tu kila wimbo.

Wufa ndo inaamua boksi liwe kubwa kiasi gani. Hilo ukilishika umeshamaliza nusu ya kazi, nusu nyingine ni kutyuni, yaani kurekebisha sauti kidogo kidogo, kwa uvumilivu. Mwongozo huu ni wa jozi moja ya spika za sebuleni, kila boksi lina wufa ya inchi 6 na nusu na twita (spika ndogo ya milio ya juu) ya inchi 1, za kusikiliza muziki ukiwa umekaa, sio za kufungia sherehe uwanjani.

Kununua wufa na twita

Dodoma maduka ya spea za redio yapo ila machaguo ni machache, watu wengi wanaagiza Kariakoo mzigo unakuja na basi. Ukiagiza omba wufa mbili zinazofanana kabisa, modeli moja, na kama zina karatasi yenye namba za Fs, Qts na Vas (nitazieleza hapo chini) hiyo ni bahati kubwa, lipia hata kama imezidi bei kidogo. Usidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye sumaku, "wati 500" pale haikuambii chochote kuhusu sauti.

Rimu ya mpira, yaani ule ukingo laini wa koni, ni nzuri zaidi kwa hali ya hewa yetu kuliko ya sponji, maana sponji inaoza na kumeguka baada ya miaka hata kama hujaitumia. Twita chukua ya kuba laini ya kitambaa, zile za piezo za pembe ni kali mno kwa sebuleni, zinachosha masikio. Twita iwe na Fs isiyozidi kama 1200 Hz hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), sababu utaiona kwenye krosova, yaani kigawa milio.

Kuipima wufa isiyo na karatasi

Hapa nitakaa sana maana ndo panaporukwa na watu wengi. Namba hizi zinaitwa za Thiele na Small. Neville Thiele alikuwa mhandisi wa Australia, aliandika kazi yake mwaka 1961, halafu Richard Small akaiendeleza Chuo Kikuu cha Sydney, na machapisho yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndo yakawapa watengenezaji wa spika dunia nzima njia ya kukokotoa boksi badala ya kubahatisha. Fs ni mlio ambao wufa inapenda kutetema yenyewe ikiwa hewani. Vas ni kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na ulaini wa rimu na buibui (kitambaa chenye mikunjo kinachoshika koni kwa nyuma) wa wufa. Qts inakuambia sumaku inaidhibiti koni kwa nguvu kiasi gani.

Vifaa: simu yenye programu ya kutoa mlio wa Hz unazotaka, amplifaya, rizista ya omu 1000, rizista ya omu 10, na testa inayosoma AC ndogo. Testa za bei ya chini kabisa upande wa AC zinaanzia volti 200, hizo hazifai hapa, tafuta yenye kipimo cha volti 2 au cha milivolti.

Toa waya kwenye amplifaya upite kwenye rizista ya 1000 ndo uende kwenye spika. Kabla hujaweka spika weka ile rizista ya omu 10 mahali pake, piga mlio wa 100 Hz, ongeza sauti mpaka testa isome milivolti 10 juu ya hiyo rizista. Sasa kila milivolti ni sawa na omu moja, na kitasa cha sauti usikiguse tena mpaka umalize. Toa rizista ya 10, weka wufa, ishike wima mbali na sakafu na ukuta, halafu anza 20 Hz ukipanda taratibu. Namba itapanda itapanda ifike kilele kisha ishuke. Pale kwenye kilele ndo Fs.

Mfano tuseme kilele kipo 46 Hz na kinasoma omu 48, na ukiipima wufa kwa kawaida ya DC inasoma omu 6. Gawa 48 kwa 6 unapata 8. Kipeuo cha pili cha 8 ni 2.83, zidisha na 6 unapata 17. Sasa tafuta mlio chini ya kilele na mlio juu ya kilele ambapo testa inasoma 17, tuseme ni 30 Hz na 70.5 Hz, tofauti ni 40.5. Chukua 46 zidisha 2.83 gawa kwa 40.5 unapata kama 3.2, hiyo gawa tena kwa 8, unapata 0.40. Hiyo ndo Qts. Kuhakikisha hujakosea, zidisha 30 kwa 70.5 halafu tafuta kipeuo cha pili, lazima kirudi karibu na 46, kisiporudi pima upya.

Vas: ifunge wufa kwenye boksi lolote lisilovuja ambalo unajua lita zake, tuseme 15, tafuta kilele upya. Kikiwa 70 Hz, gawa 70 kwa 46, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1, zidisha na 15. Inakuja kama lita 20. Umeshaijua wufa yako vizuri kuliko aliyekuuzia.

Boksi la lita ngapi

Una njia mbili. Boksi lililozibwa kabisa, au lenye bomba.

La kuziba ni rahisi na linasamehe makosa. Shabaha ni Q ya mwisho, yaani ya wufa ikiwa ndani ya boksi, iwe 0.707, besi inashuka taratibu bila kuvimba. Chukua 0.707 gawa kwa Qts yako, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, halafu gawa Vas kwa hiyo namba. Kwa wufa yetu ni lita 9 na nusu hivi, na besi itaanza kupungua kwenye 81 Hz. Kama una sabufa tayari, au sebule ni ndogo, ishia hapo, usijisumbue na bomba.

La bomba linashuka chini zaidi. Kwa wufa yenye Qts ya 0.4 boksi linakaribiana na Vas yenyewe, kwa hiyo lita 20, na bomba linatyuniwa 44 Hz. Urefu wa bomba kwa sentimita unapatikana hivi: 23562 zidisha kipenyo cha ndani, zidisha tena kipenyo hicho hicho, gawa kwa Fb (mlio wa bomba, hapa 44) mara Fb mara lita, kisha toa kipenyo mara 0.73. Bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha sm 5 linakuja sm 11.5. Pima kipenyo cha NDANI kwa rula, usiamini kilichoandikwa kwenye bomba, maana unene wa kuta unatofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Qts ikizidi kama 0.5 achana na bomba, besi itavimba tu. Weka kwenye boksi la kuziba.

Kukata na kuunga

Mimi nashauri MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) ya mm 18. Mninga ni mbao nzuri mno na inapendeza macho, ila mbao ya asili hapa kwetu inateseka, kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, mvua zinakuja Desemba mpaka Aprili, mbao inatanuka na kusinyaa na maungio yanaanza kuvuja hewa. Ukitaka mninga utumie kama pambo la nje. MDF adui yake ni maji tu, basi isilowe.

Vipimo vya boksi la bomba, ndani upana sm 22, kina 27, urefu 37, inakaribia lita 22, ukitoa sumaku ya wufa, bomba na vipande vya kuimarisha unabaki na 20. Kwa jozi nzima unahitaji vipande vinne vya sm 25.6 kwa 40.6 ambavyo ni mbele na nyuma, vinne vya 27 kwa 40.6 vya ubavuni, na vinne vya 22 kwa 27 vya juu na chini. Nusu ya ubao wa futi 8 kwa 4 inatosha kabisa ukipanga safu tatu, ya kwanza mbele na nyuma, ya pili mbavu, ya tatu juu na chini, na inabaki kipande cha kama sm 18 ya kutengenezea vipande vya ndani. Nenda kwa seremala mwenye mashine ya meza akukatie vyote kwa mpigo mmoja, kila kundi bila kubadilisha kipimo cha mashine, hiyo ni muhimu kuliko kipimo chenyewe, pembe zikiwa mraba boksi linajifunga lenyewe.

Vumbi la MDF lina gundi ya kemikali, vaa barakoa na ukate nje. Miezi ya Julai na Agosti upepo wa Dodoma unaujua, kaa upande unaotoka upepo.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, paka pande zote mbili, bana kwa klampu au hata mipira ya baiskeli ya zamani, acha usiku kucha. Skrubu ni za kushikilia tu, toboa kwanza kwa drili la sivyo MDF inapasuka kingo. Weka kipande kimoja cha kukaza kutoka ubavu mpaka ubavu karibu na katikati ila kisiwe katikati kamili. Ndani pitisha silikoni kwenye kona zote, iache ikauke mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa ndo ufunge spika.

Tundu la wufa pima wufa uliyoishika mkononi. Twita iwe karibu na wufa iwezekanavyo, zikiachana sana sauti inagawanyika ukisikiliza kwa karibu. Bomba weka nyuma. Usiligundishe bado! Kata sm 13 kwanza, utalipunguza wakati wa kutyuni, maana bomba refu linashusha mlio na kufupisha ni rahisi kuliko kurefusha.

Ndani ya kuta weka pamba ya mito ya polista au sufi, unene wa sm 2 au 3, upande wa nyuma, juu na mbavu moja. Isizibe bomba.

Kupima uvujaji: ziba bomba kwa kiganja, sukuma koni taratibu kwa vidole vyote ukigusa pembeni ya kofia ya katikati, ikirudi pole pole boksi limekaza, ikirudi fasta kuna hewa inatoka, mara nyingi ni chini ya fremu ya wufa. Weka ukanda wa sponji nyembamba hapo.

Krosova

Krosova inagawa, milio ya chini iende wufa na ya juu iende twita. Tunakata kwenye 2500 Hz, ndo maana nilisema Fs ya twita isizidi 1200, iwe chini ya nusu ya mkato, vinginevyo twita inasukumwa mahali inapoumia.

Kwa twita ya omu 8, kapasita ya mikrofaradi 4 kwenye njia ya chanya, halafu koili ya milihenri 1 kuvuka chanya na hasi. Kwa wufa kinyume chake, koili kwenye njia na kapasita kuvuka. Kapasita ziwe zisizo na chanya wala hasi, za volti 100, kama 4 haipo unga sambamba 3.3 na 0.68. Kwa mpangilio huu waya za twita zinageuzwa, chanya iende kwenye hasi ya twita, sio kosa, ndo inavyotakiwa kwenye hesabu hii.

Ila hesabu hiyo inadhani wufa ni omu 8 muda wote, na sio kweli, omu zake zinapanda kadri mlio unavyopanda kwa sababu ya koili ya sauti iliyopo ndani. Kwa hiyo unaituliza kwa rizista na kapasita zilizofuatana, zikivuka miguu ya wufa. Wufa ya omu 6 za DC yenye milihenri 0.5 inataka rizista ya omu 7.5 na kapasita ya kama mikrofaradi 9, kapasita mbili za 4.7 sambamba zinafaa.

Koili usihangaike kutafuta dukani, mpelekee fundi wa kusuka mota. Mwambie waya wa shaba wa mm 1, kiini cha mbao au plastiki chenye kipenyo sm 3 na upana sm 2, mizunguko kama 180, hiyo inakupa takriban milihenri 1 na usugu wa nusu omu hivi. Kisiwe kiini cha chuma. Kwenye ubao wa krosova koili zikae mbali, moja imelala na nyingine imesimama, zikikaribiana zinaambukizana.

Kuna kitu kingine cha kujua mapema. Milio ya juu inarudishwa mbele na uso wa boksi, ya chini inazunguka mpaka nyuma, kwa hiyo chini ya kama 450 Hz kwa boksi la upana huu spika inapoteza nguvu, mpaka desibeli 6 uwanjani, sebuleni ni pungufu maana ukuta wa nyuma unarudisha kiasi. Ndo sababu spika nyingi za kujitengenezea zinasikika nyembamba na kali. Dawa ni mbili, koili ya wufa ipandishe mpaka 1.5 milihenri, na twita ipunguzwe kwa rizista. Kupunguza desibeli 3 weka omu 2.2 kwenye njia na omu 20 kuvuka twita, desibeli 2 ni 1.6 na 30, desibeli 4 ni 3 na kama 13.5. Zote wati 10, zile nyeupe za saruji.

Kutyuni

Krosova iache nje ya boksi kwa waya mrefu mpaka umalize, watu wanaifungia ndani mapema halafu wanaona uvivu kufungua wanaishi na sauti mbaya miaka.

Anza na betri ya volti 1.5, gusa miguu ya kila wufa peke yake, koni zote mbili lazima zitoke nje ukiweka chanya kwenye chanya. Moja ikienda nje na nyingine ndani besi inapotea yote. Twita usiiguse na betri.

Amplifaya yoyote safi inatosha, hata zile bodi ndogo za TPA3116 zinapiga vizuri sebuleni. Zima besi busti na ekwalaiza yote.

Bomba sasa. Tumia ile ile njia ya rizista ya 1000, wufa ikiwa kwenye boksi, safari hii utaona vilele viwili na bonde katikati, chini kabisa ya bonde ndo mlio wa bomba. Lipo 41? Kata nusu sentimita, pima tena. Likifika 44 ligundishe, na la pili likate kwa kupima boksi lake lenyewe.

Kama una laptop, programu ya REW ni ya bure na maikrofoni ya kupimia ya USB kama UMIK-1 inakupa picha kamili. Kama huna, simu yenye programu ya kuonyesha milio inasaidia kulinganisha kushoto na kulia na kuangalia kati ya 200 na 8000 Hz, besi ya chini usiiamini. Spika juu ya meza katikati ya uwanja, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, simu mita 1 usawa wa twita, piga kelele laini inayoendelea (kwa Kiingereza pink noise).

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha kugeuza twita. Rudisha waya za twita kwa muda, chanya kwa chanya, pima. Pale 2500 patokee shimo refu. Likitokea maana yake ukigeuza tena wufa na twita zinasukuma pamoja. Shimo likiwa dogo au limehama badilisha kapasita ya wufa, jaribu 4.7, jaribu 3.3. Kitu kimoja kwa wakati, andika kwenye daftari, usibadilishe viwili kwa pamoja maana hutajua kipi kimefanya kazi.

Halafu masikio. Sauti ya mtu akiongea, taarifa ya habari, mwanaume na mwanamke. Herufi "s" ikichoma punguza twita desibeli 1. Sauti ikiwa na pua, au kifua kimevimba, angalia koili ya wufa. Kisha ala zetu: ilimba na zeze kama alivyopiga marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa hapa kwa Wagogo, ni mtihani mgumu sana kwa twita na krosova, kila ulimi wa ilimba una mlio na mvumo wake juu na vyote lazima visikike bila kuchanganyika. Besi jaribu ngoma za muheme, zile za akina mama, ngoma ndogo na kubwa zisikike tofauti, ngozi unaisikia ikipigwa na mlio unakata, ukisikia "buu" moja inayoburuzika ingiza soksi nyepesi kwenye bomba uone, ikipona basi ongeza pamba ndani au shusha mlio wa bomba kidogo.

Chumba chenyewe

Nyumba nyingi mpya za huku, Kisasa, Nzuguni, Mtumba, ni tofali, vigae, jipsamu na madirisha makubwa ya alumini. Mwangwi unaua kazi yako yote. Piga kofi katikati ya sebule, ukisikia mlio kama wa bati weka kapeti kati yako na spika, pazia zito dirishani, shelfu ya vitabu ukuta wa nyuma yako. Chumba cha mita 4 kina mlio wake wa 43 Hz unaovimba wenyewe, na chumba cha mraba ni kibaya zaidi maana pande mbili zinavimbisha mlio mmoja, hapo usikae katikati kamili wala usigandamie ukuta.

Spika ziachane mita 2 hivi, na wewe ukae umbali huo huo au uzidi kidogo, ziwe sm 40 kutoka ukutani, bomba la nyuma linataka nafasi. Twita usawa wa masikio. Stendi ya chuma ya mraba iliyojazwa mchanga mkavu wa korongoni haitikisiki.

Ukiridhika ndo uingize krosova ndani, ifunge kwa skrubu na silikoni isitetemeke. Kingo za MDF zinakunywa rangi, zipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, piga msasa, ndo rangi. Mbele weka kava kwa sababu ya vumbi letu, kitambaa cha mtandio mwepesi kinafaa, kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita bila kuzuiwa na sauti itapita. Kava ikishafungwa pima tena, twita ikipungua kidogo ile rizista ya 2.2 ishushe iwe 1.6 na ya 20 iwe 30.